Feni ya Motokaa: Namna ya Kuitambua Kasoro Kabla Injini Haijachemka

Dereva wa motokaa aonapo hewa ya kiyoyozi imegeuka vuguvugu kila gari linaposimama, mara nyingi hudhani kwamba gesi imekwisha. Humwendea fundi, gesi ikaongezwa, fedha zikalipwa, na kesho yake taabu ikarudi ile ile. Mara nyingi gesi haina kosa lolote. Kosa ni la feni iliyo mbele ya injini, na feni hiyo ndiyo iizuiayo injini isichemke. Kwa hiyo hewa ya vuguvugu haimaanishi tu kwamba raha ya abiria imepungua. Ni onyo la mapema, na mwenye gari alisikiaye huokoa mali yake.

Na ichukuliwe mfano wa mwenye teksi afanyaye kazi baina ya Mombasa na Ukunda. Gari lake litokapo Mombasa hungoja katika foleni ya feri ya Likoni. Jua ni kali, magari yamebanana, na injini inanguruma bila ya gari kusogea. Baada ya dakika chache hewa ya kiyoyozi inakuwa vuguvugu, na mshale wa kipimo cha joto, ambao hukaa katikati, unapanda polepole. Likishavuka na kushika njia ya Ukunda, upepo unaingia kwa nguvu, hewa inakuwa baridi tena, na mshale unarudi mahali pake. Dereva anashukuru na kusahau.

Fundi wa kwanza anaongeza gesi. Wa pili naye anaongeza gesi. Juma la tatu, katika foleni ile ile, mvuke unatoka chini ya boneti. Gasketi imeungua na silinda hedi imepinda kwa joto. Fedha zilizowekwa kwa karo ya watoto zinakwenda katika injini, na kwa siku nyingi teksi haileti hata senti nyumbani. Hatimaye inaonekana kwamba chanzo cha yote ni rilei ya feni, kitu kidogo kiwezacho kufichwa katika kiganja cha mkono. Hasara kama hiyo ingeweza kuepukwa kwa uchunguzi usiozidi saa moja, ilimradi ufanywe kwa utaratibu.

KAZI YA FENI

Ili kasoro itambulike, yafaa kwanza ifahamike kazi yenyewe. Petroli iunguapo ndani ya injini, sehemu ndogo tu ya nguvu yake huliendesha gari. Sehemu nyingine hutoka na moshi katika ekzosi, na sehemu nyingine, ambayo ni kadiri ya theluthi moja, huingia katika maji yanayoizunguka injini. Pampu huyasukuma maji hayo ya moto mpaka kwenye rejeta, nayo rejeta huyatandaza katika mabomba membamba ili upepo uyapoze. Yakishapoa hurudi katika injini kuchukua joto jingine.

Kiyoyozi nacho hufanya kazi iliyo jamaa ya hiyo. Watu husema kwamba kinatengeneza baridi, lakini kwa kweli kinahamisha joto. Kompresa huikandamiza gesi mpaka ikawa moto sana. Gesi hiyo hupita katika kondensa, ambayo umbo lake ni kama rejeta nyembamba, na humo upepo huichukulia joto lake hata ikageuka majimaji. Kisha majimaji hayo hupenya katika tundu dogo, hutanuka, na kuwa baridi ndani ya mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi. Hewa ya ndani ya gari hupulizwa juu ya mabomba hayo, ikaacha joto lake hapo, na kumfikia abiria ikiwa baridi.

Katika motokaa nyingi, kondensa husimama mbele ya rejeta, zikikaribiana kama shuka mbili zilizoanikwa katika kamba moja. Upepo unaopita katika ya mbele ndio huo huo upitao katika ya nyuma. Gari likienda mbio, mwendo wenyewe huleta upepo wa kutosha, na feni haina kazi kubwa. Gari likisimama au likienda polepole, hakuna upepo ila ule uvutwao na feni. Basi feni ikifa, rejeta na kondensa hukosa upepo kwa pamoja. Kondensa ndiyo hulalamika kwanza, kwa kuwa maji ya injini huchukua muda mrefu zaidi kupata moto. Hiyo ndiyo sababu hewa ya vuguvugu hutangulia, na kuchemka hufuata.

Zamani feni ilizungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, na magari mengine, hasa ya mizigo, yangali hivyo hata leo. Lakini katika motokaa ndogo nyingi za siku hizi injini imelazwa kwa upana wa gari, na mkanda hauwezi kuifikia rejeta iliyo mbele. Kwa hiyo feni imepewa mota yake ya umeme. Mota hiyo huamrishwa na sensa ya joto, na na kompyuta ya gari, na na swichi ya kiyoyozi, kwa kupitia fyuzi na rilei. Kila kimoja katika hivyo chaweza kuharibika, na feni ikasimama ijapokuwa yenyewe ni nzima.

KUZISOMA DALILI

Kabla ya kushika chombo chochote, dereva na ajiulize: taabu hii huja wakati gani? Jibu lake hupunguza kazi kwa nusu.

Ikiwa hewa ni baridi gari likienda, na vuguvugu likisimama, na mshale wa joto hupanda likisimama, basi feni ishukiwe kwanza.

Ikiwa mshale hupanda hasa gari lipandapo mlima au liendapo mbio, feni haielekei kuwa na kosa. Huenda maji yamepungua, au rejeta imeziba kwa kutu, au themostati imekwama, au pampu imechoka.

Ikiwa hewa ni vuguvugu wakati wote, hata barabarani, na mshale wa joto haubadiliki, basi kosa ni la kiyoyozi chenyewe. Gesi imevuja, au kompresa haishiki.

Ikiwa kompresa hushika na kuacha mara kwa mara gari likiwa limesimama, huenda kanieneo ya gesi imezidi kwa kukosa upepo, na swichi ya usalama inaizima kompresa isije ikapasuka kitu. Hapo kuongeza gesi ni kuongeza taabu.

UCHUNGUZI HATUA KWA HATUA

Yafaa itangulizwe hadhari. Feni ya umeme yaweza kuanza kuzunguka ghafula, hata injini ikiwa imezimwa. Mikono, leso, mikono mirefu ya kanzu na nywele ndefu viwe mbali nayo. Katika magari yatumiayo petroli na umeme kwa pamoja, nyuzi nene za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua, na zisiguswe kabisa ila na fundi aliyefundishwa kazi hiyo.

Hatua ya kwanza hufanywa injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe na maji yatazamwe. Mpira wa kifuniko nao ukaguliwe, kwa sababu kazi yake ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Mombasa, iliyo kando ya bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, ambayo iko kadiri ya mita 1,660 juu ya bahari, maji huchemka kwa digrii 94 au 95 tu. Kifuniko kizima huyakandamiza maji ya rejeta hata yasichemke mpaka yapite digrii 110. Kifuniko kibovu huuondoa msaada huo, na gari likachemka ijapokuwa feni ni nzima.

Hatua ya pili ni kutazama njia ya upepo. Vumbi la njia za mashambani, wadudu, nyasi na tope hujaa katika mapezi ya kondensa, na zaidi katika nafasi iliyo baina ya kondensa na rejeta, ambako jicho halifiki upesi. Pasafishwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi, yakipitishwa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Maji ya nguvu hukunja mapezi na kuuziba upepo yenyewe.

Hatua ya tatu ndiyo jaribio kubwa. Injini iwashwe, kiyoyozi kifunguliwe mpaka mwisho wa baridi, kisha boneti ifunguliwe. Katika motokaa nyingi feni huanza mara moja au baada ya muda mfupi kompresa ishikapo. Gari likiwa na feni mbili, zote mbili zitazamwe, maana moja yaweza kufa na nyingine ikabaki, na dereva asijue mpaka siku ya joto kali. Ikiwa kiyoyozi hakiiwashi feni, injini iachwe ingurume mpaka ipate moto, huku mshale ukitazamwa bila kuondolewa macho. Mshale ukipita mahali pake pa kawaida na feni ingali imesimama, injini izimwe mara moja. Jawabu limepatikana.

Ikiwa feni inazunguka, upande wa upepo wake uhakikishwe. Karatasi nyepesi ishikwe mbele ya kondensa: yapasa ivutwe na kugandama. Ikisukumwa mbele, nyuzi za mota zimefungwa kinyume, na feni inapigana na upepo badala ya kuuvuta. Kosa hilo hutokea aghalabu baada ya mota kubadilishwa.

Lipo na jaribio jingine jepesi, lisilohitaji mita wala fundi. Gari likiwa limesimama na hewa imekwisha kuwa vuguvugu, lakini injini haijapata moto kupita kiasi, maji kidogo yanyunyizwe juu ya kondensa kutoka mbele. Hewa ikirudi kuwa baridi baada ya muda mfupi, ni ushahidi kwamba gesi ipo na kompresa inafanya kazi, na kinachokosekana ni upepo.

FENI IKIWA IMESIMAMA

Hatua ya nne ni fyuzi. Itolewe na kutazamwa, au ipimwe kwa taa ya kupimia. Ikiwa imeungua, iwekwe nyingine ya kipimo kile kile. Ikiwa imeandikwa 30, isiwekwe ya 40, wala waya, wala karatasi ya sigara. Fyuzi huungua ili nyuzi zisiungue, na anayeifunga kwa waya anaalika moto ndani ya gari lake. Fyuzi mpya ikiungua tena, basi mota imekaza au waya umechubuka na kugusa chuma, na hilo litafutwe kwanza.

Hatua ya tano ni rilei, ile swichi ndogo ya umeme iliyo katika kijisanduku pamoja na fyuzi. Mara nyingi katika kijisanduku hicho huwamo rilei nyingine iliyo sawa nayo kabisa kwa namba na miguu, kama ile ya honi. Zibadilishwe mahali. Feni ikizunguka na honi ikanyamaza, mwizi amekamatwa.

Hatua ya sita ni mota. Plagi yake ichomolewe, kisha mota ipewe umeme moja kwa moja kutoka katika betri ya volti 12, kwa nyuzi mbili nene ambazo mmoja una fyuzi. Ikizunguka kwa nguvu, mota ni nzima, na kosa liko katika njia ya umeme. Isipozunguka kabisa, mota imekufa. Na ikizunguka tu baada ya kusukumwa kwa kijiti, burashi zake za kaboni zimekwisha. Mota ya namna hiyo hudanganya wengi: leo hufanya kazi, kesho hukataa, na mbele ya fundi huenda vizuri.

Hatua ya saba huhitaji mita ya umeme. Wakati feni ipaswapo kuzunguka, plagi ya mota ipimwe. Zikionekana kadiri ya volti 12 na mota haizunguki, mota ina kosa. Isipoonekana volti yoyote, utafutwe mahali ambapo umeme umekatika. Waya wa kurudi, ule ulioshikwa na bolti katika bodi ya gari, usisahauliwe. Hewa ya chumvi ya pwani huula kwa kutu, na feni huzunguka kwa uvivu kama mtu mwenye homa.

Hatua ya nane ni sensa ya joto. Katika magari ya zamani kidogo kuna swichi yenye nyuzi mbili iliyofungwa katika rejeta. Nyuzi hizo zikiunganishwa kwa muda, feni yapasa izunguke. Ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Katika magari mengi yenye kompyuta, sensa ikichomolewa, kompyuta huona kwamba haijui joto la injini, nayo huiwasha feni kwa tahadhari. Ikiwa feni huzunguka sensa ichomolewapo, lakini haizunguki injini ipatapo moto ikiwa imeunganishwa, sensa ishukiwe. Baadaye taa ya onyo katika dashibodi yaweza kubaki ikiwaka, na fundi ataifuta.

MAZOEA YASIYOFAA

Zoea la kwanza ni kuongeza gesi bila kupima. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Imefungiwa ndani, na ikipungua sana ni kwamba kuna mahali inavuja, na mahali hapo pazibwe kwanza. Ikizidishwa, kompresa huumia. Isitoshe, gesi hizi si za kuachiliwa hewani ovyo. Ile ya zamani, R-12, iliharibu tabaka la ozoni, na mataifa yalipatana mjini Montreal mwaka 1987 kuziondoa gesi za namna hiyo. Iliyoshika mahali pake katika magari mengi, R-134a, haidhuru ozoni, lakini huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kiasi kile kile cha gesi ya kaboni-dioksidi. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuipunguza pia. Fundi mwema huivuta gesi kwa mashini yake, wala haifungulii upepo.

Zoea la pili ni kuing'oa themostati kwa kudhani kwamba gari litapoa zaidi. Injini hukaa baridi kupita kiasi barabarani, petroli huliwa zaidi, na feni iliyokufa hubaki imekufa.

Zoea la tatu ni kuifunga feni moja kwa moja ili izunguke wakati wote. Kwa kufika nyumbani siku ya taabu ni halali, ilimradi fyuzi iwekwe. Lakini kuacha hivyo miezi na miezi ni kuichosha mota na betri, na kuificha kasoro ya kweli.

GARI LIKIPATA MOTO NJIANI

Dereva aonapo mshale unapanda, na azime kiyoyozi mara moja, afungue madirisha, na awashe hewa ya moto ya ndani ya gari mpaka mwisho. Abiria watalalamika, lakini joto hilo linatolewa katika injini. Mshale usiposhuka, alitoe gari barabarani na kuizima injini.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabisa wakati huo. Maji yaliyomo yamepita kiwango cha kuchemka na yamezuiwa na kifuniko tu. Kikilegezwa, hulipuka juu ya uso na mikono ya aliyekifungua. Wengi wameungua vibaya kwa kukosa subira ya nusu saa. Injini ikishapoa, hata rejeta ikagusika kwa mkono bila kuunguza, kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kinene na kufunguliwa kidogo kidogo. Maji ya baridi yasimiminwe katika injini ya moto, maana chuma chake chaweza kupasuka.

Maji yakishajazwa, na ikajulikana kwamba kasoro ni feni peke yake, gari laweza kuendeshwa bila kiyoyozi kwa mwendo wa wastani katika barabara iliyo wazi, ambako upepo hufanya kazi ya feni. Foleni ziepukwe, na mshale utazamwe kila mara. Palipo na msongamano, ni heri kuizima injini kuliko kuiacha ingurume.

Mwenye teksi wa Likoni hakukosa onyo. Gari lilimwambia kila siku katika foleni ya feri, kwa hewa ya vuguvugu na kwa mshale uliopanda na kushuka, naye akadhani ni gesi. Kama angaliifungua boneti hata mara moja na kuitazama feni wakati kiyoyozi kimewashwa, angaliona imesimama. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa motokaa ni rilei, au fyuzi, au waya wenye kutu; na ukuta wake ni injini nzima.